Chumba cha Nyuma ya Duka la Ushirika

Binti yule aliletwa mjini kutoka bara kufanya kazi za ndani, katika umri ambao wenzake walikuwa bado darasa la nne. Mie nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Mtoni, na nyumba niliyopanga ilitazamana na ya mwajiri wake. Asubuhi moja nilimkuta bombani akihangaika na ndoo kwa mkono mmoja, mwingine ameuficha ndani ya khanga. Nilipoifunua nikaona alama ya pasi, mbichi kabisa, chini kidogo ya kiwiko.

"Nani amekufanya hivi?"

"Niliunguza shati la baba mwenye nyumba," akanijibu, kana kwamba hilo ndilo nililomuuliza.

Nikamwita jirani yangu, mkunga mstaafu, mwenyeji wa Mtoni, ambaye mtaa mzima ulimwamkia shikamoo. Tukampeleka mtoto polisi. Kaunta ilijaa watu. Askari, bila ubaya wowote, akamuuliza kwa sauti ya juu, "Haya, sema, umefanywa nini?" Akasema, na watu wote wakageuka kumtazama. Hospitali akaulizwa tena na muuguzi, kisha na daktari. Ofisi ya kata nako akaulizwa, na safari hii mwajiri wake alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile, macho hayambanduki. Ilipofika siku ya mahakama, mtoto akainamisha kichwa, akasema, "Nilijiunguza mwenyewe."

Kesi ikafutwa. Tulirudi kwa miguu, mtoto katikati yetu. Mkunga ndiye aliyempeleka kwake akalale, wala hakuna aliyekuja kumdai.

Jioni hiyo mkunga aliniambia, "Mwalimu, yule hakupenda kusema uongo. Sisi ndio tumemchosha."

Duka la ushirika la mtaani kwetu lilikuwa limefungwa tangu watu binafsi waanze kuuza kila kitu, na stoo yake ya nyuma ilikaa bure. Mkunga akaenda kumwomba katibu kata.

"Chumba cha nini tena, mama? Watoto si wana kwao?"

"Nataka mahali mtoto ataulizwa mara moja tu, na mtu mmoja, mlango umefungwa. Huko kwao ndiko wanakoumizwa, baba."

Katibu akafungua droo, akamkabidhi ufunguo. Tukafagia, tukapaka chokaa, tukatandika mkeka. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi wakubwa. Tulikwenda na kurudi polisi mpaka akapatikana askari mwanamke aliyekubali kuja bila sare, amevaa gauni lake la nyumbani. Afisa wa ustawi wa jamii akakubali kukaa nyuma ya pazia, asikilize na kuandika, ili hospitali na mahakamani maandishi hayo yatangulie na mtoto asiulizwe upya. Nasi tukaahidi kuandamana na kila mtoto, tukae pale atakapotuona.

Si wote waliotupenda. Mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye katika jumuiya ya kanisani alituita wavunja nyumba za watu, akaacha kunisalimu.

Binti yule sasa alikuwa akisoma shuleni kwangu, mkubwa kuliko wenzake darasani. Hatukumwambia aje. Alikuja mwenyewe mchana mmoja, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hapa mtu akishasema, haulizwi tena?"

"Haulizwi tena."

Akavua ndara, akaingia alimokuwa yule askari mwanamke. Mie nilibaki nje barazani na mkunga, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Hatukusikia maneno, sauti tu, ndogo, ikisita na kuendelea. Adhana ya alasiri ikapita, bado anasema. Kesi yake haikurudi mahakamani; mwajiri alikuwa ameshahamia Kibamba, na hakuna aliyekuwa tayari kumfuata huko.

Kimya kilipozidi, mkunga akafungua mlango taratibu. Mtoto alikuwa amelala mkekani, kichwa kwenye paja la yule askari. Askari akatutikisia kichwa tusimwamshe. Tukarudi barazani kungoja.