Patano la Dakika Kumi

Kabla sijavaa buti za serikali niliuza viatu vya mitumba kwa miaka sita. Kwa hiyo nilipoanza mafunzo ya doria, wiki kumi na mbili za kumfuata koplo mmoja kama kivuli chake, nilijiona nimeshafuzu nusu. Watu nilikuwa nawajua. Mteja anayeondoka kweli na anayejifanya anaondoka, mimi nawatofautisha kwa mgongo tu.

Koplo wangu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye mwendo wa kuwatoa vijana jasho. Kituoni tulimwita Bi Kalamu, maana hakuona kitu barabarani asikiandike. Kila jioni alikaa kwenye benchi la mapokezi, akasoma kijitabu changu cha doria neno kwa neno, ndipo akatia sahihi. Bila sahihi hizo kuruta hapiti.

"Hapa umeandika 'walikuwa wanagombana'," aliniambia wiki ya kwanza. "Nani alimfanya nani nini? Kugombana hata kuku wanagombana."

Wiki ya tisa akasema, "Leo wewe ndiye unayeongea. Mimi nihesabu kama nguzo ya umeme."

Mchana huo, tukiwa doria, jirani akatuita kwa fundi cherehani mmoja. Chumba chake kilikuwa na mlango mmoja, magauni nusu yametundikwa kwenye misumari, na meza ya cherehani isiyo na cherehani. Mume waliyeachana naye alikuwa amekinyofoa kichwa cha mashine, amesimama nacho mlangoni amekipakata kama mtoto. Fundi alikuwa ameshika mkono wake wa kulia. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Afande, haya ni mambo ya nyumbani," yule bwana akaniwahi. "Mimi na mke wangu."

"Mkeo tangu lini?" fundi akadakia. "Talaka uliitafuna?"

Nikacheka. Nikamvuta bwana pembeni, kama ninavyomvuta mteja mkaidi, nikamuuliza anataka nini.

"Nisiandikwe tu, kaka. Nimeomba kazi ya ulinzi. Jina langu likionekana kituoni, kazi sina."

Hapo nikaona pa kushikia. Rudisha mashine, usionekane tena mtaa huu, nami siandiki kitu. Akakubali papo hapo. Sokoni, mtu akikubali upesi namna ile, najua nimeuza kwa hasara. Siku ile nilijipongeza.

Dakika kumi hazikuisha. Kichwa kikarudi mezani, tukapeana mikono mimi na bwana, naye akaenda zake. Nikamgeukia fundi: "Umeona, dada? Yameisha."

Akautazama mkono wake. "Haya," akasema.

Nje, Bi Kalamu akaniuliza, "Ule mkono umeuandika?"

"Wameelewana, afande."

"Mmeelewana wewe na yeye. Kabla hujatoka zamu, rudi ukachukue maelezo ya yule mama. Mkono, mashine, saa. Vyote."

Sikurudi. Nilishampa mtu neno langu, na neno langu ndilo lililonilisha miaka yote ile. Sikuwaza kwamba nilichomuuzia hakikuwa changu. Jioni Bi Kalamu alikuwa anaitwa kikaoni, akasimama mbele yangu kalamu mkononi. "Tayari?" Nikasema tayari. Akatia sahihi bila kusoma. Wiki tisa alikuwa ananikagua, siku hiyo akaniamini.

Siku ya kumi na moja tangu patano letu bwana akarudi kwa fundi, akamponda vidole vitatu vya mkono ule ule wa kulia. Kituoni alieleza kwa upole kwamba mashine ilimwangukia, na kwamba hajawahi kufika kwake kwa shari. Mpelelezi akapekua kitabu cha matukio, akapekua na kijitabu changu. Kwa maandishi yale, kwa fundi hatukuwa tumefika. Adhuhuri haijafika, bwana yuko nje kwa dhamana.

Maneno nilikaa nayo mdomoni siku nzima, nikipima yatanigharimu nini. Kesho yake nikamwendea mpelelezi. "Mimi nilikuwepo ile mara ya kwanza."

"Uliandika?"

"Hapana."

"Basi hukuwepo." Akageuza ukurasa, kidole kikasimama kwenye sahihi. "Na huyu naye hakuwepo?"

Mbele ya mkuu wa kituo Bi Kalamu hakujitetea hata kidogo. "Sahihi ni yangu," alisema. Akaondolewa kwenye kufundisha, akapelekwa stoo kugawa sare. Mimi nikaongezewa wiki nne kwa koplo mwingine, nikapita. Bi Kalamu nilipomfuata stoo kumwomba radhi, aliniuliza saizi ya shati tu.

Hospitali nilikwenda wiki ile ile vidole vilipopondwa, na karatasi. Fundi alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko.

"Siku ile ulimuuliza yeye anataka nini," akaniambia. "Mimi hukuniuliza."

"Ulikuwa unataka nini, dada?"

"Aandikwe."

Nikaandika. Alisema polepole, nikamfuata neno kwa neno, kurasa mbili. Sahihi aliweka kwa mkono wa kushoto, ikatoka kama ya mtoto wa chekechea. Mpelelezi aliipokea ile karatasi, akaisoma yote, kisha akaigonga muhuri wa tarehe ya siku hiyo, si ya siku ile ya kwanza.