Nilivyopatana Bei na Benki

Nicheke tu, nimeshazoea. Nauza maharage sokoni Benaco, na shule moja imegoma kuchukua mzigo wangu mpaka niwe na akaunti ya biashara. Nikaenda benki, Ngara mjini. Dada wa dirishani akanipa fomu na kalamu, kisha akanitajia makato ya mwezi. Nikamwomba arudie, labda yatapungua.

"Mdogo wangu, hiyo bei ya wageni. Punguza."

"Mama, hapa hatupatani bei."

Hata wauza ndizi wa Nyamiaga huanza hivyohivyo. Nikafanya kama sokoni: nikasonya, nikageuka, nikaondoka polepole ili niitwe. Nilipofika mlangoni, kweli akaita, "Mama! Rudi!"

Nikarudi kwa maringo, foleni nzima ikinitazama. "Haya, umepunguza mpaka ngapi?"

"Naomba kalamu yetu, mama. Umeichomeka kwenye kilemba."