Majani ya Ng'ombe wa Babu Kalisti

Jumamosi ya pili ya Kwaresima mwaka huu mama yangu alifariki, nyumbani kwake Kilema. Tangu siku hiyo harufu ya majani mabichi yaliyokatwa inanifuata mpaka huku mjini, mtaa wa Soweto ninakoishi, ambako sina hata mbuzi. Mama alikuwa na harufu hiyo. Ilibaki kwenye kanga zake hata zikifuliwa, na Jumapili kanisani, nilipoegemea bega lake mahubiri yakiwa marefu, niliisikia pamoja na ubani. Kwetu ng'ombe hatoki zizini. Kiangazi kikifika wanawake hushuka kule chini tambarare kukata majani, kisha hupanda nayo kichwani, mlima wote, shingo zikiwa zimekakamaa. Mama alifanya hivyo tangu nilipopata akili mpaka miguu ilipomkataa.

Nilikuwa darasa la tano mwaka ambao jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwa Babu Kalisti. Alikuwa jirani yetu. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee, Dada Felista, alikuwa ameolewa Bomang'ombe. Ugonjwa ulikuwa umempoozesha upande mmoja, na chakula kilimpalia. Maziwa ndiyo aliyoweza kumeza, na maziwa hayo yalitoka kwa ng'ombe wake mmoja mwekundu. Sala ilipokwisha watu wakaahidi, huyu kuni, yule maji, mwingine kufua na kukamua. Mama akasema yeye ataleta majani ya ng'ombe. Baada ya wiki chache kuni zikakoma, halafu maji. Mkamuaji alibaki, na mama alibaki. Siku moja nilimuuliza kwa nini sisi tu tunaendelea. Alikuwa ananoa mundu, hakuinua uso. "Tulisali pale, Yustina," alisema. "Na wewe uliitikia amina, nilikusikia."

Basi kila siku nikitoka shule tulishuka pamoja. Mama alikata mzigo wa ng'ombe wetu, mimi nilikata wa Babu, mdogo kidogo, tukaifunga kwa kamba za mgomba. Nikiingia uani kwake nilimwamkia shikamoo, naye huitikia kwa ule mdomo uliopinda, kisha hunitania kwamba ng'ombe wake ameniuliza mbona nimechelewa. Nilimpenda mzee yule. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nililofanya sikulifanya kwa chuki.

Siku moja mama alishikwa na homa, akaniambia niende peke yangu. Jua lilikuwa kali. Nilipofika nusu ya njia nikaona majani mazuri, ya kijani, katikati ya kahawa za mtu. Mwenye shamba alikuwa amepiga dawa ya wadudu. Niliisikia harufu yake, sitasema sikuisikia. Nilijiambia nikiyaosha itatoka. Nikakata, nikayatumbukiza kwenye mfereji, nikayakung'uta, nikayanusa, nikaona yanafaa. Na niseme yote: kama yangekuwa ya ng'ombe wetu nisingeyakata pale. Ng'ombe wetu nilimkatia shina la mgomba nyuma ya nyumba. Majani yale nilimpelekea ng'ombe wa Babu.

Asubuhi tulimkuta ng'ombe huyo amelala, miguu imekakamaa, povu limekauka mdomoni. Bwana mifugo alikuja, akakataza watu kula nyama, akaamuru afukiwe. Alisema amekula kitu kibaya. Mama, homa bado iko machoni, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Majani ya jana uliyakata wapi?"

"Kule chini, mama."

Hakuuliza tena. Kesho yake alianza kugawa maziwa ya ng'ombe wetu. Ya kwanza yaliingia kwenye kidumu cha Babu, yaliyobaki yakawa yetu, na mara nyingi hayakubaki, tukanywa chai ya rangi. Mpelekaji nilikuwa mimi. Nilimshikia Babu kikombe, nikampangusa kidevu, na kila alipomaliza aliniwekea ule mkono wake mmoja kichwani akamwomba Mungu ambariki mtoto huyu aliyemlishia ng'ombe wake. Nilisimama nimeshika kidumu. Sikuweza kuondoka kabla hajafika amina. Ilikuwa hivyo mpaka mvua za mwaka uliofuata, Babu alipofariki.

Siku hizi na mimi ni mwanajumuiya. Tuna kundi kwenye simu, na mtu akiugua tunaandika kwamba tunamwombea. Ninaandika na mimi, kisha ninarudi kwenye cherehani yangu. Wakati mwingine ninakwenda kumwona mgonjwa, na nikifika mlangoni kwake ninaogopa mikono yangu. Mama hakuwahi kuogopa yake. Hakujua Biblia kunishinda mimi niliyeishia darasa la saba, lakini aliposali alikuwa anapanga kazi ya kesho.

Siku mbili kabla hajafa nilimwambia. Nilikaa kitandani kwake nikasema, "Mama, yale majani niliyakata kwenye kahawa." Alifumbua macho, akanitazama kama mtu anayetafuta kitu chumbani. "Babu umempelekea maziwa?" akauliza. Nikasema nimempelekea. Akafumba macho. Sijui alisikia nini, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Siku ya tatu ya msiba alikuja Dada Felista, binti wa Babu. Sasa ni bibi mwenye fimbo. Alikuja kwa bodaboda, na nyuma yake amefungiwa mzigo wa majani, kwa kamba za mgomba kama zamani. Alisema amefikiria kwamba kwenye msiba watu hupika na kuimba, na hakuna anayemkumbuka ng'ombe wa marehemu. "Mama yako alimlisha wa baba mpaka mwisho," alisema, "na wewe mwenyewe ulibeba." Watu waliokaa uani wakaitikia kwamba ni kweli. Nilikuwa na maneno mdomoni. Aliniwekea mzigo mikononi, akaingia ndani kuwapa pole ndugu.

Nikaenda zizini. Ng'ombe wa mama alinyoosha shingo. Nilifungua kamba, nikayanusa majani yale, kiganja kwa kiganja, mpaka chini kabisa, ndipo nikampa.