Mbuzi wa Mahari Kwenye Barabara ya Beni

Mimi ni mtu wa haraka, na barabara ya Butembo kwenda Beni haijawahi kunijali. Nimeipita tangu nikiwa mgongoni mwa mama, nimeitukana kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa changu kibovu, na bado kila ninapoambiwa tunaenda Beni silali. Moyo unanidunda kama wa mtoto anayengoja Noeli.

Safari ninayoisimulia ni ya mwaka jana, ya kupeleka mahari ya mwanangu. Ni mtoto wa kaka yangu marehemu, na mimi shangazi yake ndiye niliyemlea tangu hajaota meno. Alimpenda binti wa Beni, akampenda hasa, mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na mbuzi hao wanapelekwa mpaka uani kwa wazazi wa binti, wapokelewe mmoja mmoja mbele ya watu. Bwana harusi mwenyewe haendi. Anabaki nyumbani kutafuna kucha.

Mara ya kwanza tulishindwa. Mvua ilikata barabara karibu na Kabasha, tukafika kesho yake na matope mpaka magotini, na mbuzi wetu matumbo yameingia ndani kwa njaa. Baba mkubwa wa binti, ambaye ndiye mwenye kupokea, aliwapapasa matumbo, akatikisa kichwa, akaturudisha. Alituwekea siku nyingine, akasema hakutakuwa na ya tatu: mbuzi wafike kabla ya jua kuzama, tena wafike wazima, la sivyo yeye anarudi kwenye mashamba yake ya kakao huko Eringeti na habari ya ndoa imekwisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wazee wa ukoo walitangulia Beni siku moja mbele wakapange maneno, mimi nikaachiwa mbuzi. Nikawapakia alfajiri kwenye lori la mboga lililotoka Masereka. Upande wa mbele kulikuwa na mafungu ya pwaro, yale majani marefu ya kitunguu yasiyokosa sokoni Beni, na mwenye pwaro, mama mmoja mnene wa sauti kubwa, alikaa juu ya gunia la viazi kama mkuu wa eneo. Mbuzi tuliwafunga nyuma. Katikati tuliweka ubao mmoja. Ubao mmoja, kati ya mbuzi wenye njaa na pwaro mbichi! Na sisi ni watu tuliokulia na mbuzi.

Tuliondoka na baridi ya Butembo ikituuma masikio. Mikaratusi pande zote, chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zikipanda na mizigo ya makaa, wenyewe wakizisukuma kwa bega. Napenda mwanzo huo wa njia jinsi watu wengine wanavyopenda kwaya. Kila kona ninaijua. Babu yangu alichimba kipande cha barabara hii kwa jembe enzi za Wabelgiji, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Baba yangu akaja kuwa kantonye, yaani mtu aliyepewa kipande chake cha kufyeka majani na kuzibua mifereji, na Jumapili baada ya misa alikuwa anatupeleka kukitazama, sisi na nguo zetu safi, tukitazama mfereji! Baadaye makantonye wakasahauliwa, mashimo yakawa madimbwi, malori yakazama mpaka madereva wakapikia njiani. Wafanyabiashara wa Butembo wakachangishana mafuta, mashine zikatengeneza, mvua ikaharibu, wakachangishana tena. Ikaja miaka ya Ebola, tukanawa mikono na kupimwa joto kwenye kila kizuizi. Ikaja miaka ya waasi, ya kupita nyuma ya magari ya askari, gari zima kimya, kila mtu na rozari yake au zaburi yake. Hofu hiyo haijaisha. Lakini siku zile udongo mwekundu ulikuwa umesawazishwa upya, lori lilikuwa linateleza vizuri, na mimi nilikuwa naimba.

Tulipofika Maboya tukakuta kamba imevutwa katikati ya barabara. Kijana mwenye filimbi akapiga lori ubavuni.

"Bote bashuke! Salongo!"

Salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi! Ukoo mzima ulikaa kupanga siku, wazee na miwani yao, na hakuna aliyeikumbuka.

"Mwanangu, achia sisi tupite, tuko na mbuzi ya dot, ya mahari," nikamwambia.

"Mama, hata gouverneur akipita leo atashika jembe. Mpaka saa ine."

Nikashika jembe, na kikwembe changu kipya. Mama wa pwaro akapewa koleo. Tukazibua mfereji pamoja na wanakijiji, na nikiri ukweli, baada ya muda hasira iliniisha. Maji yaliyokuwa yamekaa barabarani yalipata njia, yakakimbia mfereji mzima, watu wakapiga kelele za furaha, na mimi nikapiga kelele kuwazidi.

Ndipo mama wa pwaro akageuka kutazama lori.

"Yesu na Maria! Pwaro yangu!"

Ubao ulikuwa umeanguka na kamba zimefunguka. Mbuzi walikuwa ndani ya mafungu mpaka mabegani, wanatafuna kwa utulivu. Kilichobaki kilikuwa mizizi na kamba za kufungia. Mama yule alipanda lori kwa kasi ambayo mwili wake haukuahidi, akamshika mbuzi dume mweupe, mzuri kuliko wote, akajizungushia kamba yake mkononi.

"Huyu ni wangu. Utanilipa na huyu, basi, kwisha."

"Mama, nakuomba. Hizi mbuzi ziko na hesabu. Moya akikosa, banaturudisha tena."

"Na miye niuzishe nini Beni? Mizizi?"

Wanakijiji walikusanyika. Wengine walikuwa upande wake, na hata mimi, ningekuwa mwingine, ningekuwa upande wake. Nikamweleza yote pale pale, na jembe bado mkononi: kaka yangu aliyefariki, mtoto niliyemlea, mara ya kwanza tuliyorudishwa, mzee anayeondoka kwenda Eringeti. Nililia, sioni aibu kusema. Alinisikiliza huku amekunja uso.

"Batoto batatutoa roho," akasema mwishoni. Lakini kamba hakuiachia. "Twende. Nitafika na weye mpaka kule, na huyu mbuzi anabaki kwa mkono yangu. Bakikataa zile zingine, miye narudi naye."

Basi tukashuka kuelekea Beni hivyo hivyo, mimi na mbuzi zangu, yeye na mbuzi wake. Joto likaanza, nikavua sweta, michikichi ikatokea, kakao imeanikwa kando ya barabara kwenye maturubai. Siku nyingine hapo ndipo ninapofurahi zaidi. Siku hiyo nilikuwa natazama ule mkono wenye kamba na kusali.

Tulifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Wazee wetu walikuwa wamesimama uani kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Baba mkubwa wa binti akaanza kazi yake bila haraka. Alimpapasa mbuzi wa kwanza tumbo, akasimama. Akampapasa wa pili, akamwita mdogo wake aje apapase naye. Matumbo yalikuwa magumu, ya duara, yanakaribia kupasuka.

"Bametoka Butembo leo?" akauliza.

"Leo," nikajibu.

Akapita kwa kila mmoja mpaka akafika kwa dume mweupe, na nyuma yake mama wa pwaro, matope mpaka kwenye viwiko, mkono umezungushiwa kamba.

"Na huyu mama ni nani kwenu?"

Wazee wetu walinitazama, maana nao hawakumjua. Mama yule alimtazama mzee, akanitazama mimi, akavuta pumzi ndefu.

"Miye njo nililisha hizi mbuzi," akasema, akafungua kamba mkononi mwake, akamkabidhi.

Mzee akaipokea. Vigelegele vikalipuka toka jikoni mpaka barabarani, na mimi nikamkumbatia yule mama tukataka kuanguka wote wawili.

Nikajitenga nyuma ya nyumba nikampigia mwanangu. Alishika simu kabla haijalia vizuri.

"Zimepokelewa," nikamwambia. "Zote."

Nikasikia anajaribu kukaza sauti, inamshinda.

"Tantine," akasema mwishowe, "barabara ilikuwa mubaya sana?"

"Hapana, mwanangu. Barabara ilikuwa muzuri."