Funguo Nne za Mlango Mmoja

Baba mkwe wangu sijawahi kukaa naye meza moja. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mzee na mke wa mwanawe hukwepana, basi nikiwa na neno namwambia mama mkwe, naye anampelekea upande wa pili wa nyumba. Mimi niliyeolewa Ngonga kutoka mkoa mwingine, mwaka wa kwanza jambo hili liliniudhi sana. Baadaye nikagundua kwamba kazi yangu ya kompyuta ilikuwa hiyohiyo.

Nilikuwa nasimamia daraja, kwa kujitolea. Ni mashine iliyokodiwa nchi ya mbali, nami naiendesha nikiwa nyumbani. Watu waliofungiwa mtandao na serikali zao hupitia hapo, na ujumbe wao ukafika bila anayewapeleleza kujua ni wao. Hatuandiki nani kapita, wala hatumtaji kwa mtu. Kwa hiyo sikumjua mtu yeyote, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akituandikia kila Ijumaa kupitia daraja hilohilo: "Leo nimepita. Kaka yangu amenijibu." Kaka yake alikuwa mafichoni. Jina lake hakulitaja, nami sikuuliza.

Kisha nchi yao ikafunga karibu kila kitu, daraja likafurika. Nilikodi mashine kubwa zaidi, wapi! Programu inayoendesha daraja hufanya kazi kwa mkono mmoja hata ukiipa mashine yenye mikono kumi na sita. Dawa yake ni kuendesha nakala nne nyuma ya mlango mmoja, zote zikiwa na funguo zilezile, mgeni asijue amehudumiwa na ipi. Nikaifanya asubuhi moja, msongamano ukaisha. Nilijisifu kwa mama mkwe kwamba nimepanua barabara ya watu maelfu.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru huku anacheka. "Na mpunga huu uani, utaanuliwa na kompyuta?"

Maelekezo niliyofuata yalikuwa na mstari mmoja wa mwisho: zizuie nakala zisijibadilishie funguo. Kila baada ya wiki kadhaa programu hubadilisha ufunguo yenyewe, kwa usalama, na nakala nne zikibadilisha kila moja kivyake, hazitakuwa tena na funguo zilezile. Mstari huo niliuona. Nikasema nitaufanya kesho, nikaenda kuanua mpunga. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini mimi nilidhani nimeshakula.

Wiki zikapita, nikasahau. Tukaenda msibani Matema siku tatu, simu nikaizima kwa heshima ya wafiwa. Ni siku hizohizo nakala zilipobadilisha funguo. Aliyebahatika kuangukia nakala yenye ufunguo anaoujua alipita. Wengine walirudishwa mlangoni, bila kuambiwa sababu.

Niliporudi nilikuta barua ya Ijumaa. Safari hii ilitoka kwenye barua pepe yake ya kawaida, na chini yake kulikuwa na jina lake kamili.

"Mlango wenu umenikataa tangu juzi. Kaka anaumwa sana, lazima nimpelekee jina la daktari. Nitapita njia ya wazi, bila daraja, mara moja tu."

Nilirekebisha kwa dakika kumi. Dakika kumi tu! Nilitamani nijipige makofi. Ijumaa iliyofuata hakuandika, wala iliyofuata hiyo, wala mwezi mzima baadaye. Wenzangu wa kazi hii waliniandikia kunipongeza, eti daraja sasa linabeba watu wengi kuliko wakati wowote.

Mama mkwe alinikuta nalia kando ya mkeka wa kuanikia kakao. Nikamweleza kadiri nilivyoweza: kuna binti alinitegemea, nikazembea, akapita pabaya, na sasa yuko kimya. Hakunilaumu. Alizunguka nyumba, nikamsikia akimsimulia mzee kwa Kinyakyusa, taratibu, kisha akarudi.

"Baba anauliza, huyo binti anaitwa nani? Anataka kumtaja Jumapili kanisani, aombewe."

Jina nilikuwa nalo, tangu ile barua. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa.

"Sijui, mama," nikasema.