Nani Amemkata Mwanangu Kimeo?

Habari zenu humu ndani. Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka 26, nimeolewa Nyamwaga, nina watoto wawili. Mume wangu ni fundi ujenzi Genkuru, anarudi kila Jumamosi. Siku nyingine nabaki na mama mkwe.

Mwezi uliopita binti yangu wa miaka minne alishikwa na mafua, koo linauma, kikohozi hakimwachi alale. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akampima, akasema ni virusi, antibayotiki haitasaidia. Nimpe vinywaji vya uvuguvugu, nimrudishe akipumua kwa shida, ndani ya wiki atapona. Mama mkwe kuona nimerudi mikono mitupu akacheka. "Virusi! Huyo ana kimeo. Sisi wote tulikatwa, kwani tumekufa?" Nikamwambia, "Mama, unisamehe, kwa hili hapana." Akanyamaza. Yule mama hanyamazi bure, nilipaswa kushtuka mapema.

Kesho yake nikaenda kupalilia mahindi. Narudi, mtoto hataki uji, anatema mate yenye damu. "Kachomwa na mwiba wa samaki," akasema mama mkwe. Samaki gani, na sisi wiki nzima tunakula maharage? Nikawasha tochi ya simu, nikamwambia mwanangu apanue mdomo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakipo! Nililia. "Bibi amesema nisiseme," akaninong'oneza, "baba atanichapa."

Baba? Kumbe naye yumo! Nikambeba mtoto mbio zahanati, damu ikakoma, ndipo nikampigia mume wangu. Anaapa hajui lolote, ila hakuuliza hata mtoto anaendeleaje. Mzazi asiyejua angeuliza. Simwamini tena.

Na mafua yaliisha ndani ya wiki ileile aliyosema muuguzi, lakini mama mkwe, ambaye sasa hafichi tena, sifa zote anampa mkata vimeo wake, na jina lake hataki kunitajia. Mimi ndiye naitwa mjuaji.

Sasa mdogo wake wa miezi saba ameanza mafua. Jana mama mkwe kaniambia kwa sauti tamu, "Nenda shamba mwanangu, mtoto niachie mimi." Siendi. Hata chooni naenda naye. Nikikimbilia kwetu Machochwe nitaitwa mke mtoro, nikibaki sijui nitalinda mpaka lini.

Leo asubuhi alikohoa, nikamkandamiza kifuani kwangu bibi yake asisikie. Mama mzima, naficha kikohozi cha mwanangu! Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini kabla hajamsikia?