Mtoto Hakatwi Kodi

Mama yangu hakujua kusoma, lakini ndiye mtu wa kwanza kunishauri kuhusu akiba isiyotozwa kodi. Aliniambia, "Zaa. Mtoto hakatwi kodi." Nilikuwa na miaka ishirini na minane, muuguzi katika hospitali ya misheni upande wa Kitui, na kila nilipokwenda nyumbani karibu na Tulia nilimpelekea karatasi ya mshahara aione. Alikuwa akiweka kidole pale nilipomwonyesha kwamba serikali imekata. Kila mara aliuliza kama imekata tena, na nikisema ndiyo, alisonya.

Alikuwa na sababu zake. Baba yangu alikuwa wa kizazi kile kilichotembea na risiti ya kodi mfukoni enzi za mkoloni, na mara mbili alijificha kwenye ghala la mtama kwa kuwa risiti yenyewe hakuwa nayo. Kwa mama, kodi haikuwa barabara wala shule. Kodi ilikuwa askari mwenye kaptura anayekuja alfajiri kabla uji haujaiva. Mali ya kweli kwake ilikuwa kile ambacho askari huyo hawezi kukikatia: mbuzi aliyefichwa kwa jirani, na mtoto.

Mimi sikuzaa, na sikuolewa. Walikuja kuniposa wawili, wote wakiwa watu wazuri, na wote nikawakataa. Sababu sikuitoa wakati ule na sitaitoa hapa. Miaka ile ya sitini mwanamke aliyesema hataki mume alikuwa kama aliyesema hataki chakula, watu wakadhani ni mgonjwa. Kanisani waliniombea kwa jina nikiwa nimeketi safu ya tatu. Miaka ya sabini ikanipita wodini, nikiwazalisha wenzangu.

Nilipofika arobaini na saba, hospitali ilituita wafanyakazi wote mkutanoni, tukaambiwa kwamba pensheni haipo. Ukifika hamsini na tano utapewa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo kidogo, basi. Nilirudi wodini. Nilikuwa nimemwona muuguzi mwenzangu aliyestaafu kabla yangu, mwanamke aliyekuwa akiogopwa na madaktari, sasa amelala katika jiko la kaka yake na kumwomba wifi yake sabuni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni, ila sasa nilikuwa nimeuona ukiwa umevaa leso iliyotoboka.

Mhasibu wa hospitali, kijana wa Makueni mwenye kalamu tatu mfukoni, ndiye aliyenielimisha. Alisema benki itanipa faida nzuri kidogo, lakini serikali itachukua fungu lake kabla sijaiona. Kuna bima, ila ukishindwa kulipa katikati unapoteza. Halafu kuna kitabu cha akiba cha posta. Faida ya kitabu cha posta, alisema, serikali haigusi. Nilimuuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu alicheka, akaniambia nisiwaambie watu wote.

Nilikwenda Tulia siku yangu ya mapumziko nikiwa na furaha ya kijinga. Nilimwambia mama kwamba nimepata mahali pa kuweka pesa pasipokatwa kodi. Nilidhani atapiga vigelegele. Yeye akaniuliza kama nimesahau Nikwa Ngwete. Hilo ni jina tuliloipa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, maana yake nakufa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hakukuwa na mahindi. Alisema karatasi haichoti maji, na karatasi haimgeuzi mgonjwa kitandani. Wewe ni muuguzi, akaniambia, hilo unalijua kuliko mimi.

Wiki mbili baadaye aliniita tena, na safari hii baba mdogo, ndugu wa baba yangu, alikuwa ameketi naye. Walikuwa wameshaamua. Nioe.

Kwetu Ukambani mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anatoa mbuzi kama mwanamume yeyote, msichana analetwa, anapata mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanaitwa wa yule aliyetoa mbuzi. Mke huyo tunamwita iweto. Siidharau desturi hiyo. Nimewajua wanawake walioishi hivyo kwa heshima, wakapendana kama mama na binti. Baba mdogo alikuwa amempata msichana huko Ikutha, kwenye familia ambayo ukame umemaliza ng'ombe wake. Ukienda kustaafu, alisema, utakuwa na watoto watatu au wanne uani, na serikali haitakuja kuwahesabu. Nilipouliza kanisa litasemaje, mama alisema kanisani niseme ni msichana wa kazi.

Nilikubali. Ningeweza kuandika kwamba nilisimama imara tangu mwanzo, maana walionisikia wamekufa, lakini sikusimama. Lile jiko alimolala muuguzi mwenzangu lilikuwa linanijia kila nikifumba macho. Nilitoa benki pesa za mbuzi, karibu kila kitu nilichokuwa nacho, nikazifunga ndani ya leso na kuziweka ndani ya mkoba, nikapanda basi la Ikutha pamoja na baba mdogo.

Tulipokelewa vizuri. Walichinja kuku ambaye niliona wazi kwamba walikuwa wakimhitaji. Wanaume walipoanza kuzungumza kuhusu mbuzi, wangapi majike na wangapi mabeberu, nilisema nataka kutembea na msichana. Alikuwa anakwenda mtoni kuchota maji. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, na alichimba mpaka mkono ukaingia wote, akawa anachota kwa kata, kidogo kidogo, akisubiri maji yajikusanye tena. Nilimkadiria miaka kumi na saba. Nilimuuliza kama anajua kwa nini nimekuja, akasema anajua. Alisema hakatai, kwa sababu mbuzi wakija wadogo zake watarudi shule.

Baadaye, bila kuniangalia, akasema, "Wanasema wewe ulikataa kuolewa."

"Nilikataa."

"Kwa nini?"

"Sikutaka."

Akamimina kata ndani ya mtungi. "Na walikuacha?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza tu, jinsi mtu anavyouliza njia. Nilijibu kwamba ndiyo, waliniacha. Halafu nikaketi kwenye mchanga, aibu imenishika. Miaka ishirini nilikuwa nimejivunia kwamba hakuna mtu aliyenitolea mbuzi. Sasa nilikuwa nimefunga mbuzi ndani ya leso, nimevuka nusu ya wilaya, nije kumtolea mtu mwingine ili anisafishe nikizeeka.

Tuliporudi nyumbani kwao niliwaambia wanaume kwamba hakuna mazungumzo tena. Baba mdogo alidhani nimeona kasoro kwa msichana, akaanza kuomba punguzo. Hapo ndipo nilipokasirika. Nilimwambia msichana hana kasoro yoyote, kasoro ni yangu, na mimi si mtu wa kununua mtu. Baba wa msichana aliinama. Nilimwachia nauli yangu ya kurudi na kiasi kingine juu yake, pesa za kuku na za usumbufu, leso ya mbuzi sikuifungua, akapokea bila kuniangalia.

Sitajisifu kwamba nilimwokoa. Sikumwokoa. Kabla ya mvua za masika walimpeleka kwa mwanamume mwenye kibanda cha nguo kule Makueni, na sikuuliza tena habari zake. Nilichofanya ni kimoja tu, nilikataa kuwa mtu wa kumtolea mbuzi. Wengine wameniambia kwamba kwangu angekula vizuri zaidi, na huenda ni kweli. Siwezi kuwabishia, lakini pia siwezi kurudi Ikutha.

Nauli yangu ya kurudi alilipa baba mdogo kwa hasira. Mama alikuwa ametandika kitanda cha msichana. Alipoona nimerudi bila msichana alisimama mlangoni, akauliza swali ambalo ndilo lililokuwa chini ya yote, chini ya kodi na mbuzi na wajukuu.

"Nani atakuzika?"

"Atakayesikia harufu kwanza," nikamjibu.

Hakunisemesha miezi minne. Akitaka kuniambia jambo alituma mtu. Jibu lile ninalijutia mpaka leo, kwa kuwa alikuwa mama yangu na alikuwa ananiogopea. Uamuzi wenyewe siujutii.

Na niseme hili wazi, ili asije mtu kunisoma akadhani nafundisha biashara. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuishi Kenya ya miaka ya tisini. Shilingi ilianguka, sukari ikapanda, unga ukapanda, na faida yangu isiyokatwa kodi ikawa inapanda ngazi huku bei zimeshafika darini. Mhasibu alikuwa hajanidanganya, serikali kweli haikugusa hata senti. Soko ndilo lililogusa. Wenzangu walionunua ploti Mwingi kando ya barabara ya Garissa walijenga maduka ya kupangisha, wakapunga mkono nikipita. Mimi nilipata pesa za kutosha chumba kimoja cha matofali na bati, tangi la maji ya mvua, na chai yenye maziwa kila siku. Anayetaka kunicheka ana haki, ila asinionee huruma.

Lakini siku ile, Jumatatu baada ya Ikutha, sikujua lolote kuhusu bei. Nilikwenda posta mjini Kitui na leso yangu ikiwa bado imefungwa vilevile. Nilijaza fomu nikiwa nimesimama, nikampa karani kupitia dirishani. Alikuwa kijana nadhifu, na nywele zake amezichania pembeni. Aliisoma mpaka chini, akairudisha.

"Sista, hapa umeacha. Jina la mrithi."

Nilimwambia sina mrithi. Akaniambia mahali hapo hapaachwi wazi. Akaanza kunitajia, kwa nia njema kabisa: mtoto, mume, mtoto wa kaka, hata mtoto wa jirani. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kunong'ona. Niliichukua kalamu yake iliyofungwa kwa uzi, nikaandika jina langu mwenyewe pale pale.

Alilisoma, akatazama juu ya fomu, akalisoma tena. Akaniambia kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba mrithi ni yule atakayechukua pesa wakati mimi sipo.

"Ndiye huyo," nikamwambia. "Kuna mwanamke mzee anakuja. Hana mume, hana mtoto, na hakuna mtu aliyenunuliwa amchotee maji. Hii pesa ni yake yeye. Mwandike."

Alimwita mkubwa wake. Mkubwa alisema sheria hairuhusu, nami nikamwomba anionyeshe ilipoandikwa. Wakaingia ndani kuitafuta. Foleni ilihamia dirisha la pili, saa sita ikapita, mfagiaji akanizunguka na ufagio wake. Nilisimama palepale mpaka yule kijana akarudi na muhuri.